Konokono wa milimita nne: mtazame ncha kabla ya rangi

"Nilisuuza mwani nilioutoa kwenye miamba maji yalipokupwa, na chini ya ndoo wakabaki konokono kumi na kitu, warefu wa milimita 3 hadi 5, wenye umbo la mnara. Wengi ni weupe wenye mikanda ya kahawia, baadhi ni kahawia tupu, na wawili hawana rangi kabisa. Mmoja mdomo wa gamba lake uko kushoto, wengine wote uko kulia. Baadhi walikuwa hai. Programu ya simu imenipa majina matatu ya familia tatu tofauti. Mwenzangu anasema hao ni watoto wa konokono wakubwa, nisijisumbue. Nitajuaje ni spishi gani? Kipimo cha DNA hakimalizi ubishi? Na je, inawezekana ikawa spishi mpya kwa sayansi? Nimeshauriwa pia niwasafishe kwa siki ili nakshi zionekane vizuri kwenye picha."

Nianze na la mwisho, maana hilo likishafanyika halina dawa: usiwatie kwenye siki. Gamba ni kalsiamu kaboneti, na asidi huiyeyusha. Gamba la kiganja kizima litapoteza mng'ao tu; la milimita 4 litapoteza nakshi, na kitakachotangulia kuharibika ni ncha, sehemu ile ile ninayotaka kukuomba uitazame kuliko zote. Maji yasiyo na chumvi na brashi laini ya kuchorea vinatosha. Uchafu usiotoka kwa brashi uache hapo hapo.

Sasa tuje kwenye majina matatu. Programu ya kutambua viumbe hulinganisha picha yako na picha ilizofundishwa nazo, na picha hizo nyingi ni za konokono wakubwa, wenye rangi, waliopigwa vizuri. Kwa hawa wadogo ina mifano michache, hivyo inashika kilichopo: umbo la jumla na rangi. Ikikupa familia tatu tofauti, ilichokuambia kwa kweli ni kwamba umepiga picha ya kitu kirefu chenye ncha. Hilo ulikuwa unalijua.

Rangi ndiyo imewapoteza watu wengi zaidi katika kazi hii, na wamepotea wakiwa na hadubini mezani. Mfano mashuhuri ni Littorina saxatilis, konokono wa miamba ya pwani za Atlantiki ya Kaskazini. Kwa zaidi ya karne mbili wataalamu walimpa majina mapya kila walipomkuta na rangi au umbo tofauti, na rejista ya kimataifa ya viumbe wa baharini, WoRMS, ilipohesabu ilikuta majina 113 ya mnyama mmoja. Si rangi tu iliyowadanganya. Palipo na kaa wengi konokono huyo ana gamba nene na mdomo mdogo, palipo na mawimbi makali gamba huwa dogo, jembamba, lenye mdomo mpana. Ukiwaweka wawili hao kando kwa kando utaapa ni spishi mbili. Kwa hiyo wako wenye mikanda na wako wa kahawia tupu wanaweza kabisa kuwa ndugu, na usiwatenganishe mpaka upate sababu nyingine.

Sababu hiyo inatokana na jinsi gamba linavyokua. Konokono hajengi gamba upya kila anapoongezeka mwili. Ukingo wa joho lake, ile ngozi inayofunika viungo vya ndani, hutoa tabaka jipya la gamba kwenye mdomo tu, na lililokwisha jengwa hubaki lilivyo. Ni kama kikapu kinachosukwa kuanzia kitakoni: mzunguko wa kwanza haufutiki kwa kuongeza wa kumi. Maana yake ni kwamba ncha ya gamba ni gamba la utotoni, alilokuwa nalo akiwa ndani ya yai au akiwa lava, yaani kichanga aliyetoka yaini lakini bado hajawa konokono kamili, na mdomo ni alikofikia jana. Maisha yake yote yamelala hapo katikati.

Hapo ndipo hoja ya mwenzako inapoweza kupimwa badala ya kubishaniwa. Hajakosea kabisa, kwa sababu watoto wa konokono wakubwa hupatikana sana ndani ya mwani, na wengine hawafanani na wazazi wao hata kidogo. Kauri mchanga, kwa mfano, ana gamba jembamba lenye mdomo mpana na ncha inayoonekana. Ule mdomo mwembamba wenye meno pande mbili huja akishakomaa. Basi tazama ukingo wa mdomo wa hawa wako. Ukiwa mwembamba, mkali na rahisi kuvunjika, huenda bado anakua. Ukiwa mnene, umejikunja nje, au una vijino kwa ndani, mjenzi ameshamaliza kazi. Hesabu pia mizunguko: mtoto wa konokono mkubwa kwa kawaida huwa na mizunguko michache na mdomo mkubwa ukilinganisha na urefu wake. Konokono wa milimita 4 mwenye mizunguko saba na mdomo mdogo ulionenepa si mtoto wa mtu. Tahadhari moja: zipo spishi ndogo ambazo mdomo wake haunenepi hata zikizeeka, kwa hiyo mdomo mwembamba peke yake haumpi mwenzako ushindi. Na udogo wenyewe si hoja. Wapo konokono wa jenasi (kundi la spishi jamaa ndani ya familia) ya Ammonicera ambao hukomaa bila kufikisha nusu milimita.

Baada ya mdomo, geuza gamba utazame ncha kutoka juu, kwa lenzi inayokuza angalau mara 10. Hadubini ya kuchambulia ni bora zaidi. Katika gamba lisilochakaa utaona mizunguko ya kwanza ni tofauti na mingine: mara nyingi ni laini au ina nakshi zake, halafu kuna mstari, na baada ya mstari huo mbavu au shanga za utu uzima zinaanza. Sehemu iliyo kabla ya mstari huitwa protokonki. Ikiwa ni mizunguko mitatu au minne, myembamba, inayopanda taratibu, lava wake aliogelea baharini akijilisha kabla ya kutua. Ikiwa ni mzunguko mmoja au mmoja na nusu, mnene na wa mviringo, alilelewa kwa kiini cha yai na kutoka akiwa tayari kutambaa, au aliogelea kwa muda mfupi tu.

Mtu akiniuliza kwa nini tunahangaika na kitu ambacho hakifiki milimita moja, jibu langu ni hili: magamba mawili yanayofanana kwa kila kitu lakini yakatofautiana protokonki, karibu kila mara ni spishi mbili. Isitoshe, protokonki inakusaidia kuyapima majina uliyopewa. Lava anayeogelea anaweza kusambaa mbali sana, lakini anayetambaa tangu siku ya kwanza hubaki karibu na alikozaliwa. Ukikuta protokonki fupi na nene, halafu programu ikakupa jina la spishi ya bahari nyingine kabisa, litilie shaka jina hilo hata kama picha zinafanana.

Tumwendee huyo wa mkono wa kushoto. Kwanza hakikisha: ncha juu, mdomo wa gamba ukikutazama wewe. Hakikisha pia hukutumia kamera ya mbele ya simu, maana nyingine hugeuza picha kama kioo na zimeshazalisha "konokono wa kushoto" wengi kuliko bahari. Ikiwa kweli mdomo uko kushoto, gamba ni refu na limepambwa kwa safu za shanga ndogo, uwezekano mkubwa ni wa familia ya Triphoridae, ambao karibu wote hujiviringisha upande huo na hula sifongo. Huyo si kaka wa wengine aliyezaliwa na kasoro. Kasoro ya kugeuka upande ipo kwa spishi za kulia, lakini ni adimu. Mtoe kwenye kundi, mpe chupa yake.

Waliobaki wote ni wa kulia, na hao wanahitaji uvumilivu. Kwa umbo la mnara, urefu huo na makazi ya mwani, mimi ningeanzia kwenye familia chache. Rissoidae wamejaa kwenye mwani: mdomo wao ni wa mviringo au yai, hauna mfereji chini, na wengi wana mbavu za wima. Ikiwa mdomo una mfereji mfupi kwa chini na gamba lina safu za shanga, fikiria Cerithiopsidae, ambao nao hula sifongo na hufanana na wale wa kushoto kiasi cha kuonekana picha yao kwenye kioo.

Wale wawili wasio na rangi wanaweza kuwa magamba ya zamani yaliyopauka tu. Kagua kama yana mikwaruzo na matundu. Ikiwa ni mapya, angalia mambo mawili. Gamba laini linalong'aa kama kioo, bila mbavu wala shanga, linaelekea Eulimidae, vimelea wa kiti cha pweza, jongoo bahari na jamaa zao. Na ikiwa ncha imelala ubavu, kana kwamba mtu ameigeuza na kuibandika vibaya, umempata mmoja wa Pyramidellidae. Lava wao hujiviringisha kushoto, kisha gamba la utu uzima huendelea kulia, na pale panapokutana pande mbili ndipo ncha inapolala. Hawana radula, yaani ule utepe wa meno ambao konokono wengi hutumia kukwangua chakula; wao huchoma wanyama wengine na kufyonza majimaji yao. Nakiri nina upendeleo nao. Ni familia ngumu sana kufikia spishi, lakini kuitambua ni suala la kutazama ncha kwa sekunde tano.

Umeona kwamba mpaka hapa sijataja jina la spishi hata moja kwa konokono wako, wala sitalitaja. Kwa picha na gamba, mtu makini anaweza kufika kwenye familia kwa uhakika, mara nyingi kwenye jenasi, na mara chache tu kwenye spishi. "Rissoidae, haijatambuliwa zaidi" ni jibu la kisayansi lenye thamani. Jina kamili la maneno mawili lililokisiwa ni uchafu katika kumbukumbu, na uchafu huo hunakiliwa na watu wengine kwa miaka.

Kuna mahali gamba haliwezi kukufikisha hata likiwa zima na safi. Rudi kwa yule Littorina saxatilis. Anaishi kwenye miamba pamoja na mwenzake, Littorina arcana, na magamba yao hayatofautishiki kwa kuaminika. Tofauti ya hakika iko ndani ya mwili wa jike: wa kwanza hubeba vifaranga katika mfuko na kuzaa konokono wadogo waliokamilika, wa pili ana tezi ya kutengeneza ute wa kufunikia mayai na hutaga. Ukiwa na gamba tupu, umekwama. Ukiwa na dume, bado una kazi. Kwa makundi mengine jibu liko kwenye radula, ambayo mpangilio wa meno yake hutofautisha makundi makubwa: wengi wa konokono wadogo walao mwani wana meno saba kwa kila safu, ilhali jamaa wengi wa konokono wawindaji wana matatu au pungufu. Kuitoa radula kwa mnyama wa milimita 4 na kuitazama kwa hadubini ya elektroni si kazi ya nyumbani, kwa hiyo usijilaumu.

DNA nayo inasaidia sana ila haimalizi ubishi kwa namna ulivyosikia. Kinachosomwa kwa kawaida ni kipande cha jeni ya COI kutoka kwenye mitokondria, chenye urefu wa takriban herufi 658, na wazo la kukitumia kama alama ya spishi lilipata nguvu baada ya pendekezo la mwanabiolojia Paul Hebert na wenzake mwaka 2003. Lakini kipande hicho hakina jina ndani yake. Unakilinganisha na vipande ambavyo watu wengine wamekwisha viweka kwenye hifadhi za data, na konokono wengi wadogo hawamo humo, au wamo kwa jina lisilo sahihi. Na wale wawili wa Littorina niliowataja hushiriki mifuatano ya mitokondria, kwa hiyo COI haiwatenganishi. DNA ni ushahidi mmoja. Huwekwa kando ya gamba, radula na makazi, na mtu anayejua ndiye anayepima vyote kwa pamoja.

Kuhusu majina yenyewe, huenda mawili kati ya yale matatu yamepitwa na wakati. Majina ya wanyama yanahesabiwa kuanzia toleo la kumi la Systema Naturae, kitabu cha Linnaeus cha kupanga na kuvipa majina viumbe, mwaka 1758, na tangu hapo spishi nyingi zimehamishwa jenasi. Ukiona Littorina saxatilis (Olivi, 1792), mabano hayo yanakuambia kwamba Olivi, aliyeipa jina mwaka huo, aliiweka kwenye jenasi nyingine; aliiita Turbo saxatilis, enzi ambazo Turbo ilikuwa ghala la konokono wa kila namna. Kabla hujaamini kwamba majina mawili ni wanyama wawili, yaandike kwenye WoRMS uone kama moja halipelekwi kwenye lingine. Ni bure na huchukua dakika moja.

Je, inaweza kuwa spishi mpya? Ndiyo, na si kwa bahati ya ajabu kama unavyodhani. Mtafiti Philippe Bouchet na wenzake walipokusanya moluska, yaani konokono, chaza na jamaa zao, kwa bidii kwenye eneo la kilomita za mraba 295 huko Koumac, Kaledonia Mpya, katika Pasifiki, walipata spishi 2,738, wakatangaza matokeo mwaka 2002. Takriban theluthi moja ya spishi hizo, zikikomaa, hazifiki milimita 4.1, na 1 kati ya kila 5 iliwakilishwa na kielelezo kimoja tu. Kwenye bahari za joto, kuokota kitu kisicho na jina ni jambo la kawaida. Kazi iko kwenye kuthibitisha: mtu lazima apitie kila jina lililowahi kutolewa kwa jamaa wa karibu, ikiwezekana aone vielelezo vya asili kwenye makumbusho, aandike maelezo yanayoonyesha tofauti, ateue holotaipu, yaani kielelezo kimoja kitakachobeba jina hilo, kisha achapishe. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, kwa wastani, spishi mpya za viumbe mbalimbali zilikaa miaka 21 kwenye rafu kati ya siku ya kukusanywa na siku ya kupewa jina. Wako nao wanaweza kungoja foleni hiyo, na kitakachoamua kama watafaa siku hiyo ni jinsi ulivyowahifadhi leo.

Kwa hiyo tufanye hivi. Walio hai wapige video kwanza wakiwa ndani ya maji ya bahari, lenzi ikiwa mbele ya kamera, kwa sababu rangi ya mwili, macho na pembe hupotea mnyama akifa, na mara nyingi husaidia kuliko rangi ya gamba. Kisha chagua wachache wa kuhifadhi, wengine warudishe ulikowatoa. Wa kuhifadhi watie kwenye etanoli ya asilimia 95. Usitumie fomalini: huharibu DNA, na isiposawazishwa asidi yake hula gamba pia. Konokono hujifungia kwa kifuniko chake na kuizuia etanoli isifike kwenye nyama, kwa hiyo mmoja au wawili, baada ya picha, wavunje gamba kidogo. Hicho kifuniko usikitupe. Kama ni cha gamba gumu au cha utando, na kama mistari yake inazunguka au la, ni alama muhimu.

Magamba makavu yaweke kwenye chupa ndogo za kioo, si kwenye kisanduku cha mbao, maana mvuke wa asidi kutoka kwenye baadhi ya mbao huyala polepole mpaka yakafunikwa na unga mweupe. Lebo iandike kwa penseli na uiweke ndani ya chupa, si juu yake: mahali kwa usahihi uwezavyo, tarehe, kina cha maji, aina ya mwani, jina la aliyekusanya. Gamba zuri lisilo na mahali ni pambo. Picha ziwe tatu kwa kila mmoja, mdomo, mgongo na ncha, zote zikiwa na kipimo cha milimita pembeni.

Ukirudi majini, usishike kwa mkono konokono hai mwenye gamba la umbo la pia, lenye mdomo mrefu mwembamba. Huenda ni wa familia ya Conidae, wanaochoma kwa jino lenye sumu, na Conus geographus ameshaua watu.

Peleka vielelezo kwa mtu wa ana kwa ana katika hali tatu: ikiwa umefika kwenye familia na kila picha unayolinganisha inakataa, ikiwa unataka kutumia jina hilo kwenye ripoti au uamuzi wowote rasmi, au ikiwa una walio na nyama pamoja na data kamili na familia yenyewe ni ngumu, kama Triphoridae au Pyramidellidae. Makumbusho ya historia ya asili na idara za zoolojia za vyuo vikuu ndiyo mahali pa kuanzia. Tuma picha na data kabla ya kutuma kitu chochote, na uulize kuhusu vibali, kwa sababu kukusanya wanyama hai katika hifadhi au kuwavusha mpaka bila ruhusa ni kosa katika nchi nyingi, na makumbusho makini hayatapokea kielelezo kisicho na karatasi.

Jibu likija, soma vifupisho vyake. "sp." baada ya jina la jenasi ina maana kwamba ameishia hapo. "cf." ina maana kwamba inafanana na spishi hiyo lakini anahitaji kulinganisha zaidi. "aff." ina maana kwamba iko karibu na spishi hiyo ila anaamini siyo yenyewe. Ukiona hiyo ya tatu, mwandikie tena siku hiyo hiyo umuulize anahitaji wangapi zaidi, na kama anawataka wakiwa na nyama.